Taemin au Jung Kook: ukitaka kumfuata mmoja, mfuate yupi?

Mtu anayeingia kwenye K-pop, muziki wa pop wa Korea Kusini, kupitia kundi, hakupiti muda macho yake huanza kumganda mmoja. Jukwaani wako watano au saba, wamevaa sare moja, wanaruka kwa pamoja, lakini wewe umeshaanza kumtafuta yule yule kila kamera inapogeuka. Kuanzia hapo bando linakwenda, usingizi unakwenda, na baadaye pesa ya albamu nayo inakwenda. Kwa kuwa gharama ipo, si vibaya kuchagua kwa akili.

Nimewaweka pamoja Lee Taemin wa SHINee na Jeon Jung Kook wa BTS kwa sababu wasifu wao ukiusoma kwa juu juu utadhani ni wa mtu mmoja. Wote wawili ni vitindamimba wa makundi yao. Wote waliingia kazini wakiwa watoto wa shule. Kila mmoja anaimba na kucheza kwa kiwango ambacho makundi mengi huwagawia watu wawili tofauti. Na wote walikuja kutoa kazi zao binafsi bila kuliacha kundi. Lakini kazi hizo ukizisikiliza moja baada ya nyingine, ni mbingu na ardhi.

Niseme upande wangu mapema ili unisome ukijua: kwa kazi ya jukwaani naegemea kwa Taemin. Hata hivyo si kila msomaji anapaswa kuanza naye, na wapo nitakaowaambia wazi wasianze naye.

Nyumba kubwa na nyumba ndogo

Taemin alizaliwa Seoul tarehe 18 Julai 1993. Mwaka 2005 alipita kwenye usaili wa wazi wa SM Entertainment, kampuni iliyokuwa imeshayatoa makundi ya H.O.T. na TVXQ. Tarehe 25 Mei 2008 SHINee walipanda jukwaa la televisheni kwa mara ya kwanza na "Replay", wimbo wa kijana anayempenda dada aliyemzidi umri. Taemin alikuwa na miaka 14. Uchezeshe wimbo ule leo ukimtafuta yeye tu, utapata tabu: maneno aliyopewa ni machache mno. Kazi ya kuimba ilikuwa ya wenzake Jonghyun na Onew. Mdogo alikuwa wa kucheza. Ilipita miaka, na ukifuatilia vibao vya kundi kwa mfuatano, "Ring Ding Dong" ya 2009, "Lucifer" ya 2010, "Sherlock" ya 2012, unamsikia akiongezewa mstari hapa, beti pale, hadi sauti yake inakuwa na mahali pake.

Jung Kook alizaliwa Busan tarehe 1 Septemba 1997. Mwaka 2011 alijaribu bahati kwenye shindano la Superstar K akatolewa, lakini watu wa kampuni mbalimbali walikuwa wameshamwona na wakamfuata. Alichagua Big Hit, kampuni ndogo isiyokuwa na jina, kwa sababu alimwona RM, rapa aliyekuja kuwa kiongozi wa BTS, akirap na akataka kuwa karibu naye. Mwaka 2012 wakampeleka Los Angeles kujifunza kucheza. Tarehe 13 Juni 2013 BTS walianza, naye akiwa na miaka 15.

Kwa hiyo mmoja aliingia nyumba kubwa akiwa na miguu, sauti akaijenga kazini mbele ya watu. Mwingine aliingia nyumba ndogo akiwa na sauti tayari, kilichomsumbua kikawa haya: mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa akishindwa kuimba mbele ya kaka zake wa kundi. Tofauti hii ya mwanzo ndiyo bado inayosikika kwenye nyimbo zao.

Sauti

Hapa Jung Kook anashinda, na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Sauti yake ni laini, imenyooka, inapanda juu bila kukunja uso, na inatulia kwenye noti hata akiwa anaruka. Mtu yeyote, hata asiyejua neno la Kikorea wala jina la kundi, atamwelewa ndani ya dakika moja. Ndiyo maana watayarishaji wa nje wanampenda: unaweza kumpa wimbo wa aina yoyote ya pop ya sasa akautoa safi. "Seven" ya Julai 2023, aliyomshirikisha rapa Latto, inakwenda kwa mdundo wa haraka wa klabu za Uingereza, na yeye anaupitia kama anatembea.

Taemin ana sauti ya pumzi. Kuna wakati inapitia puani, kuna wakati inakuwa nyembamba kama inataka kukatika, halafu inashuka chini ghafla. Mara ya kwanza wengine huiona dhaifu. Sikiliza tena ukiwa na vifaa vya masikioni na utagundua kwamba pumzi zile zimepangwa: anavuta hewa kabla ya neno ili neno lenyewe lije limechelewa kidogo. Ni uimbaji wa mtu aliyejifunza kuimba kwa mwili, akijua ni wapi bega litashuka na sauti ishuke nalo. Kwenye redio, bila picha, nusu ya kazi hiyo inapotea. Mtu anayesikiliza muziki akiwa kwenye daladala au matatu hana sababu ya kujilazimisha. Kwake Jung Kook atafaa zaidi.

Jukwaani

Sasa tuje penye uhondo.

Mwaka 2014 SM walimtoa Taemin peke yake na albamu fupi iitwayo Ace. Alikuwa wa kwanza katika SHINee kutoa kazi binafsi, na alikuwa mdogo kuliko wote. Kibao chake "Danger" kilikuwa kizuri, cha haraka, chenye harufu ya Michael Jackson kila kona, kama vijana wengi wa Korea waliotaka kuonyesha kwamba wanajua kucheza. Albamu kamili ya kwanza, Press It, ilifuata Februari 2016, na wimbo wake mkuu ulikuwa na mkono wa Bruno Mars katika utunzi. Hadi hapo ungesema ni mchezaji hodari mwenye kampuni yenye pesa.

Halafu ikaja "Move", Oktoba 2017.

Kwa aliyezoea K-pop ya kiitikio kinacholipuka na miguu inayopiga sakafu, "Move" inamshangaza kwa sababu hakuna kinacholipuka. Wimbo unabaki chini mwanzo mwisho. Mienendo iliandaliwa na Koharu Sugawara, mchezaji wa Kijapani, na sehemu kubwa ni ya kiuno, shingo, kiganja kinachozunguka taratibu. Wachezaji wa kike wanasimama pamoja naye wakicheza miondoko ile ile anayoicheza yeye, hawako pale kupamba. Taemin mwenyewe alieleza wakati ule kwamba alitaka kuchanganya kile kinachohesabiwa kuwa cha kiume na kinachohesabiwa kuwa cha kike katika densi. Katika tasnia ambako msanii wa kiume alitakiwa achague kati ya kuwa kijana mtamu au dume la kuvunja viti, hilo lilikuwa jambo. Na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana: mwendo wa haraka huficha makosa, mwendo wa polepole huyaanika. Watu walioiga "Danger" walikuwa wengi. Walioiga "Move" wakafanana nayo ni wa kuhesabu.

Baada ya hapo aliendelea kuchimba shimo lile lile. "Want" Februari 2019. "Criminal" Septemba 2020, inayoanza akiwa amefungwa mikono na densi ikitoka ndani ya kamba hiyo. "Advice" Mei 2021. "Guilty" Oktoba 2023, pale mkono unapoingia chini ya shati na mtandao mzima ukazungumzia mkono huo kwa wiki kadhaa. Si kila mtu atapenda. Kuna msomaji ataona ni kujionyesha kupita kiasi, na siwezi kumbishia sana. Taemin anapenda kivuli, dhambi, kifungo, kioo, na miaka yote hii hajachoka navyo. Lakini ukitaka kuona mtu mmoja akilifuata wazo moja kwa karibu muongo, ndani ya biashara inayobadilisha nguo kila msimu, ni vigumu kupata mfano mwingine wa namna hii Korea. Wasanii wengi wa kiume waliomfuata wanamtaja kama mtu waliyemtazama wakijifunza, na ukiangalia namna Jimin wa BTS anavyotumia mikono yake utaelewa kwa nini majina yao hutajwa pamoja.

Jung Kook anacheza kwa msingi mwingine. BTS walipata sifa kwa watu saba kupiga hatua moja kwa wakati mmoja, tena kwa nguvu, na yeye amelelewa humo. Mwili wake ni wa usahihi na stamina. "Standing Next to You" ya Novemba 2023 ndiyo kipimo kizuri: kazi ya miguu, mzunguko, kusimama ghafla, na katikati ya yote hayo anaimba kweli, hana haja ya plei-baki. Urithi wa Michael Jackson uko wazi, na Desemba ile ile Usher akaingia kwenye toleo jipya la wimbo, jambo lililoonekana la kawaida kabisa kwa sababu wote wametoka shule moja. Ukimaliza kumtazama unasema, kijana anajua. Kwa Taemin unamaliza ukiwa na swali la nini hasa umekiona. Wengine hawataki maswali jioni baada ya kazi, na wana haki.

Rafu za albamu

Jung Kook unaweza kummaliza kwa jioni moja. Kazi yake binafsi ni albamu moja, Golden, ya nyimbo 11, iliyotoka tarehe 3 Novemba 2023, pamoja na nyimbo kadhaa zilizotoka mmoja mmoja na zile alizoimba peke yake ndani ya albamu za BTS. Albamu yote ni ya Kiingereza. Waliotia mkono ni majina makubwa ya pop: Ed Sheeran na Shawn Mendes katika utunzi, Major Lazer na DJ Snake katika nyimbo nyingine. Jina la Jung Kook halimo katika watunzi. Alipewa nyimbo nzuri akaziimba vizuri. Wapo wanaolaumu, kwamba albamu ya kwanza ya mtu inapaswa kuwa na kitu chake cha ndani. Lawama hiyo ina uzito. Ukitaka Jung Kook wa ndani, rudi nyuma: "Still With You" aliyoitoa bure mwaka 2020, na "My Time" ya mwaka huo huo, inayosimulia mtoto aliyekua haraka kuliko wenzake wa mtaani. Nyimbo hizo mbili zinanieleza habari zake kuliko Golden nzima.

Taemin ana rafu. Albamu kamili tatu za Kikorea, ya tatu ikiwa Never Gonna Dance Again iliyogawanywa sehemu mbili mwaka 2020, albamu fupi kadhaa kabla na baada yake, na upande mzima wa Kijapani ambao mashabiki wapya huusahau. Japani kwake si soko la pembeni: Julai 2017 aliimba ukumbi wa Budokan, Tokyo, kabla hata "Move" haijatoka. Kati ya vyote hivyo kuna nyimbo za kujazia, hasa miaka ya mwanzo. Kuhusu utunzi, naye si mwandishi wa kila siku. "Soldier" kwenye Press It ina maneno yake, na baadaye akaandika zaidi, lakini mkono wake unaonekana zaidi katika kuchagua wazo na umbo la onyesho.

Kwa anayetafuta msanii anayeandika maisha yake mwenyewe, hawa wawili si jibu. Aende kwa SUGA wa BTS, ambaye kwa jina la Agust D ametoa kazi tatu zenye hasira na ukweli, au kwa G-Dragon wa BIGBANG aliyekuwa akiandika vibao vya kundi lake tangu miaka ya 2000.

Namba

Kwa namba hakuna mashindano. "Seven" iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, na ilifikisha mara bilioni moja Spotify kwa muda usiozidi miezi minne, kasi ambayo haikuwahi kuonekana hapo kabla. "3D" na "Standing Next to You" zote zilifika nafasi ya 5. Golden ilianza ya 2 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na iliuza nakala zaidi ya milioni 2 katika wiki ya kwanza. Novemba 2022 alikuwa uwanja wa Al Bayt, Qatar, akiimba "Dreamers" na Fahad Al Kubaisi kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia. Kwa Waswahili walioko Ghuba ile ilikuwa K-pop iliyokuja hadi mlangoni.

Taemin peke yake hajakaribia huko. Jambo lililo karibu zaidi ni SuperM, kundi la wasanii saba wa SM waliokusanywa kutoka makundi mengine, ambalo kazi yake ya kwanza ilianza nafasi ya 1 kwenye Billboard 200 Oktoba 2019.

Namba zina faida moja kwa mfuasi mpya, nayo ni ya vitendo: penye watu wengi pana tafsiri za haraka, video zenye maandishi, watu wa kuuliza. Jung Kook akizungumza leo usiku, kesho asubuhi maneno yake yameshatafsiriwa kwa lugha kibao. Kwa Taemin utategemea mashabiki wachache waaminifu, wengi wao wakongwe wa SHINee, wanaojua kila kitu tangu 2008 na hawana haraka. Binafsi naona mazungumzo yao ni matamu zaidi, lakini mgeni anaweza kujisikia amechelewa harusi.

Kampuni, mikataba, na kile kinachotokea nyuma ya pazia

Hili watu hulipita, nami naona ndilo linaloamua msanii utakayempata kesho.

Taemin alipoanza, mikataba ya Korea ilikuwa na sifa mbaya. Mwaka 2009 watatu kati ya watano wa TVXQ, wenzake wa kampuni, walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13, na mwaka huo huo tume ya ushindani wa biashara ya Korea ikatoa mfano wa mkataba wenye kikomo cha miaka saba. Taemin alikaa SM tangu utoto wake hadi Machi 2024, ndipo akaondoka kwa kazi zake binafsi akajiunga na Big Planet Made, huku SHINee yenyewe ikibaki SM. Mpango wa namna hiyo, mguu mmoja ndani na mwingine nje, usingewezekana miaka ile alipoanza. Albamu fupi Eternal ya Agosti 2024 ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza baada ya kuhama, na ikafuatiwa na ziara ya dunia. Unasikia humo mtu anayejaribu vyumba vipya; baadhi havijakaa sawa bado.

Jung Kook na wenzake waliongeza mkataba mapema, mwaka 2018, halafu wakakubali tena mwaka 2023. Kampuni ndogo ile ndiyo leo HYBE. Ilipokuwa inaingia soko la hisa mwaka 2020, mwanzilishi Bang Si-hyuk aliwapa wanachama wote saba hisa 68,385 kila mmoja. Kijana aliyeingia kwa kumpenda RM akawa mwenye hisa. Hilo linampa utulivu, na pia linamfunga kwenye ratiba ya kundi. Mwaka 2025 BTS walitangaza kurudi na albamu na ziara ya dunia katika majira ya kuchipua ya 2026, kwa hiyo anayesubiri albamu ya pili ya Jung Kook awe na subira, kundi kwanza.

Utumishi wa lazima wa jeshi wote wameumaliza. Taemin aliingia Mei 2021, na Januari 2022 akahamishiwa utumishi wa umma kwa sababu ya msongo na wasiwasi uliokuwa umemzidi. Alimaliza Aprili 2023. Kampuni ililitangaza wazi, jambo ambalo Korea bado halijazoeleka. Unaposikiliza kazi zake za tangu 2018, kumbuka pia kwamba Desemba 2017 SHINee walimpoteza Jonghyun, ndugu aliyemwandikia mashairi ya wimbo kwenye albamu yake ya kwanza. Sisemi zaidi, ila ukiona kivuli kile usidhani chote ni pambo. Jung Kook aliingia Desemba 2023 pamoja na Jimin, akatoka tarehe 11 Juni 2025.

Ukiwa huku kwetu

Hakuna kati yao aliyewahi kufanya onyesho Afrika Mashariki, basi tuachane na habari za tiketi, isipokuwa kwa walioko Ulaya, Amerika au Ghuba. Hapo kuna tofauti: Taemin amezunguka na onyesho lake mwenyewe Asia, Ulaya na Amerika, katika kumbi za wastani ambamo unamwona uso. Jung Kook hajafanya ziara ya peke yake. Onyesho lake la Golden lilikuwa moja, Seoul, Novemba 2023. Ukimtaka ana kwa ana utampata na wenzake sita kwenye uwanja wa mpira, kwa bei ya uwanja wa mpira.

Saa nazo zinasaidia. Seoul iko saa sita mbele yetu. Kazi za Kikorea kwa kawaida hutoka saa kumi na mbili jioni kwao, ambayo ni saa sita mchana Nairobi na Dar es Salaam, wakati wa chakula. "Seven" ilitoka mapema zaidi ili kuwahi Marekani, na huku ilikuwa saa moja asubuhi. Albamu za kushika mkononi ni habari nyingine: usafiri na ushuru wa forodha vinaweza kuzidi bei ya albamu yenyewe, ndiyo maana watu huagiza kwa vikundi. Kwa Jung Kook utapata kikundi cha kuagiza kirahisi. Kwa Taemin huenda ukakianzisha wewe.

Basi uanze na nani

Kama umetokea kwenye Bongo Fleva au R&B ya Kimarekani na unataka nyimbo za kuimba nazo bila kujifunza lugha, anza na Jung Kook: "Seven", halafu "Standing Next to You", halafu "Still With You" usiku. Ukizipenda zote tatu, ingia BTS. Kule kuna miaka ya kutosha ya kusikiliza.

Kama unacheza, unafundisha kucheza, unapiga picha za video, au unapenda msanii anayekulazimisha kurudia, anza na Taemin, na usianze kwa kusikiliza. Tazama. "Move" kwanza, toleo la chumba cha mazoezi ambalo halina mapambo. Kisha "Criminal". Ukishindwa kuondoa macho, rudi "Danger" uone alikotoka, ndipo usikilize Never Gonna Dance Again sehemu zote mbili. Ukiona kila kitu ni kivuli kimoja kirefu kinachokuchosha, ondoka bila hatia.

Kama una binti au mdogo wako wa miaka kumi anayeomba kuchagua, chuja mapema kwa wote wawili. "Seven" ina matoleo mawili, na moja lina maneno ya kitandani bila kificho. Mpe lile safi. Video za Taemin za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa watu wazima, lakini "Replay" ya 2008 anaweza kuiona na bibi yake akiwa chumbani.